Ng'ombe Msafi wa Kilambo

28 Desemba

Daftari hili ni la sampuli. Tumaini wa maabara ya chuo, Morogoro, ameniletea mawili, pamoja na vichupa na mtungi mdogo wa naitrojeni ya kugandishia, akasema mbele niandike jina la ng'ombe, tarehe, saa na hali ya ute wa njia ya uzazi. Nyuma hakusema niandike nini. Basi huku nyuma ni kwangu.

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha jana, na chumba changu kinavuja palepale kilipovuja mwaka jana, juu ya kabati. Nimeweka beseni. Ninaishi ghorofani Chikongola, juu ya duka la vitambaa lililofungwa tangu mwenye nyumba, Mama Hajrabai, afiwe na mumewe. Yeye anakaa chini peke yake. Mwanawe Kumail yuko Dar, mwanawe Hina yuko sijui nchi gani. Kila jioni akisikia pikipiki yangu anapaza sauti kutoka jikoni, "Sabina, umekula?" Nami namjibu, "Nimekula, mama." Leo nilikuwa sijala. Nadhani anataka kujua nani anaingia na nani anatoka nyumbani kwake, ndiyo maana nampa jibu fupi na kupanda ngazi.

Kwa atakayeliokota daftari hili: mimi ni afisa mifugo, miaka thelathini na tisa. Kazi yangu kubwa ni uhimilishaji, yaani kumtia ng'ombe mbegu za dume ambaye hajawahi kumwona. Simu yangu hailii mpaka ng'ombe wa mtu apate joto, yaani awe tayari kupandwa.

4 Januari

Simu imelia saa moja asubuhi. Mama Joana wa Kilambo: Maputo ana joto. Kawaida yetu, anayeonekana na joto asubuhi anahimilishwa jioni, kwa hiyo nimefika saa kumi.

Maputo ni mtamba, hajazaa hata mara moja. Nilishamhimilisha mara mbili mwaka jana, mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, na mara zote alirudi joto, yaani hakushika mimba. Si wake Mama Joana kabisa. Ni wa kikundi cha akina mama, waliopewa mitamba minne na mradi, kwa sharti kwamba ndama jike wa kwanza anakwenda kwa mwenzao anayesubiri. Wanaosubiri kwa Maputo wapo sita. Mwenyekiti wao ni Helder, mdogo wa marehemu mume wa Mama Joana, mwanamume pekee kwenye kikundi, na leo alikuwepo, amesimama kando ya banda na mikono nyuma.

"Daktari, huyu tunampa mpaka mvua ziishe," akasema. "Zikiisha hajashika, unatusainia fomu, tunamtoa kwa bucha, tunanunua mwingine."

Fomu ni yangu mimi. Bila sahihi ya afisa kwamba mnyama ni tasa, mradi hauruhusu auzwe. Mama Joana aliendelea kufagia. Alivuka Ruvuma akiwa mgongoni kwa mama yake, wakati wa vita vya kwao ng'ambo, na ana ile tabia ya watu waliokaribishwa mahali: anafagia hadi kwa jirani. Sakafuni kwenye banda lake ungeweza kula chakula. Maputo ameoshwa anang'aa, mkia umechanwa, chini ya mkia hakuna hata tone.

Nikamwambia kama ninavyomwambia kila mara, tena kwa sauti majirani wasikie, "Mama Joana, wafugaji wangu wote wangekuwa kama wewe ningestarehe."

Akainamisha kichwa, akacheka ndani ya kanga.

Sampuli: ute kidogo sana, mwepesi, kama maji.

5 Januari

Mvua. Nimelala mapema.

9 Januari

Madimba, kwa Mzee Faraja. Zizi lake ni bwawa. Nilitembea kwenye kinyesi mpaka buti la kushoto likabaki humo, nikalivuta kwa mikono. Nimemsema kwa nusu saa. Nimemwambia ng'ombe ni mnyama wa heshima, nimemwambia magonjwa, nimemwambia na aibu. Amenisikiliza ametulia huku anatafuna muwa, halafu akasema, "Mwanangu, umemaliza? Yule mweusi uliyemhimilisha Oktoba ana mimba. Na yule mwenye pembe moja pia."

Nikapima. Kweli wana mimba, wote wawili, na niliwahimilisha mara moja tu. Sampuli ya huyu wa leo ilikuwa nzito, inavutika, nikajaza vichupa vitatu. Nikaondoka bila kumsifu.

16 Januari

Wino umekwisha Chikongola nzima, au mimi ndiye sikuuliza vizuri. Penseli.

25 Januari

Mama Joana amepiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. Maputo karudi.

Nimefika saa kumi, banda lilelile, usafi uleule. Safari hii hata kwato zimesuguliwa. Helder hakuja, lakini alipita na baiskeli akapunguza mwendo, akatazama, akaendelea. Nikahimilisha, nikachukua ute, nikaandika tena "mwepesi." Mama Joana alinishikia ndoo ya maji ya kunawa kwa mikono miwili, akanisubiri niseme kitu. Nikasema, "Kwa usafi, mama, huna mpinzani." Nilitaka kumpa angalau hicho.

Njiani kurudi nimenyeshewa kuanzia Madimba hadi mjini. "Sabina, umekula?" "Nimekula, mama."

2 Februari

Kasiani ameweka picha wasap. Mtoto, kofia ya njano, jino moja. Sijui kwa nini bado nina namba yake. Miaka saba ya ndoa Masasi, na miaka mitano tangu nitoke. Huyo mtoto ana macho ya mama mkwe wangu, yaani aliyekuwa mama mkwe wangu.

Nimeosha vichupa vyote, hata visivyo na shida.

11 Februari

Tumaini amepiga. Ni binti wa miaka ishirini na sita, anaongea haraka, na kwa kawaida namfurahia. Gari la chuo lililoleta naitrojeni mwishoni mwa Januari ndilo lililobeba sampuli zangu.

"Dada Sabina, samahani, naomba nikuulize bila kukukwaza. Za Madimba ni nzuri mno. Za Kilambo zote, za ng'ombe wanne, karibu hazina protini. Huwa unaongeza maji?"

"Niongeze maji kwenye nini?"

"Kwenye ute. Labda ukiona ni mchache, ili kichupa kijae."

Nikamwambia nimeanza kazi hii yeye akiwa shule ya msingi. Akaomba radhi, lakini hakufuta swali. Akanieleza tena kwa nini protini zenyewe ni jambo kubwa, nami nikamwacha aeleze kwa sababu sauti ya mtu chumbani ni sauti ya mtu chumbani. Mbegu zikiingia, alisema, haziendi moja kwa moja kwenye yai. Zinapanda mpaka kwenye mirija, zinajishika ukutani, zinasubiri. Kinachozishika ni protini: nyingine zimekuja nazo kutoka kwa dume, nyingine ni za jike mwenyewe, kwenye ute na kwenye majimaji ya njia ya uzazi. Zikipatana, mbegu zinatulia, zinatunza nguvu mpaka yai lishuke. Zisipopatana, au za upande mmoja zikikosekana, mbegu zinajichosha zinakufa, hata kama dume ni bora kuliko yote nchini.

"Kwa hiyo mtu anasema jike ni tasa, au dume mbovu," akasema, "kumbe kilichokosekana ni makaribisho."

Amekata simu saa kumi na mbili jioni. Nimekaa.

12 Februari

Nimekasirika leo kuliko jana. Kuongeza maji. Mimi.

15 Februari

Maputo karudi. Nimefika saa kumi, na safari hii nikaja na macho ya polisi. Nimekagua bomba langu la sindano, vichupa, glavu, kila kitu kikavu. Nikachukua ute. Maji matupu. Nikaunusa, nikafikiri nimesikia harufu ya limau, nikajiambia ni mikono ya Mama Joana, alikuwa anatengeneza samaki.

Nikaanza kumtazama vibaya huyu mama. Nikawaza labda haniiti siku yenyewe ya joto, labda ananipotezea muda makusudi kwa sababu akizaa Maputo ndama atachukuliwa na mwenzake. Mambo ya ajabu mtu huwaza akiwa peke yake kwenye pikipiki.

Helder alikuwepo na fomu kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwambia Maputo akirudi joto tena, nitasaini. Nilisema mbele ya Mama Joana. Alimfunga Maputo kamba upya, ingawa kamba haikuwa imefunguka.

20 Februari

Beseni limejaa mara mbili.

8 Machi

Siku ya Wanawake. Ofisini walitushonesha vitenge vya sare kwa maandamano. Changu kipo kwenye msumari. Mwaka jana mshereheshaji alisema akina mama wote waliojaaliwa watoto wanyooshe mikono juu, tuwapigie makofi. Nilipiga makofi sana. Kwa hiyo Mama Joana alipopiga saa kumi na mbili asubuhi kusema Maputo karudi, nilimshukuru Mungu, nikapakia mtungi nikaondoka palepale. Kwa utaratibu ningengoja jioni. Nilikuwa nakimbia kitenge.

Nimefika Kilambo saa tatu. Sikumkuta mtu mbele ya nyumba. Nikazunguka bandani.

Mama Joana alikuwa amechuchumaa nyuma ya Maputo. Pembeni yake birika, beseni, chumvi kwenye kifuniko, ndimu na malimau yaliyokamuliwa. Mkononi alikuwa na kile kibomba cha mpira wanachosafishia watoto tumbo, kimefungwa bomba jembamba refu. Bomba lilikuwa ndani ya Maputo. Maji ya uvuguvugu yalikuwa yanatoka, na pamoja nayo ule ute wote niliokuwa nautafuta tangu Januari, unaanguka sakafuni, na yeye anausukuma kwa ufagio kwenda kwenye mfereji.

Hakushtuka. Alitabasamu kama mtu aliyekutwa anapika kabla mgeni hajakaribishwa.

"Umewahi leo, daktari. Sijamaliza kumwandaa."

"Mama, umeanza lini kufanya hivi?"

"Kumwosha huku ndani? Toka ile mara yako ya kwanza. Ile siku nilimwosha nje tu, wewe ukasema ng'ombe msafi, watu wakasikia. Nikasema, huyu mtoto wa watu anatia mkono mpaka begani. Kama nje amesifia, ndani akikuta uchafu je? Aibu ni yangu. Na kila ukisifia, nikaongeza. Nimewafundisha na wenzangu wale watatu wenye mitamba."

"Na limau?"

"Limau linakata utelezi."

"Nani alikufundisha?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani kuna mwanamke hafundishwi?"

Nikakaa juu ya ndoo. Nilitaka kusema jambo la kitaalamu. Nilikaa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa kukaa kwenye ndoo ya mtu bila maelezo. Mama Joana akaacha kusukuma maji, akanitazama.

Halafu nikamweleza. Nikamwambia ute si uchafu. Nikamwambia ndio unaopokea mbegu na kuzituliza, na limau na chumvi vinaua zinazobaki. Alisikiliza ameshika kibomba mapajani.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemnyima mtoto," akasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema: si wewe, mama, ni mimi. Mimi ndiye niliyesifu mara nne bila kuuliza. Nilisema, "Tusilaumiane." Neno zuri, safi, halina mtu ndani yake.

Sikumhimilisha Maputo. Siku hii imeshaharibika.

9 Machi

Jumapili. Sikwenda kanisani.

Mama mkwe alinipa kibomba changu wiki ya harusi, kwenye kitambaa cha maua. Alinionyesha maji yawe na joto gani, limau kiasi gani. Nikafanya kila jioni, miaka saba. Na yule mama alikuwa ananisifu. Mbele ya wageni, mbele ya mawifi: mkwe wangu huyu ni msafi, hata chini ya kitanda chake huoni vumbi. Mtu aliyelelewa na shangazi asiyemsifu, ukimpa sifa kama hizo, anaongeza. Niliongeza. Asubuhi na jioni.

Sijui kama ndiyo sababu. Mwanamke si mtamba, na hakuna aliyepima. Kasiani hakupima, mimi sikupima, na mimi ndiye niliyesomea mambo haya. Ndugu zake walikaa kikao, wakaniita tasa, nikafunga sanduku. Hawakuhitaji hata fomu.

Nimemwandikia Tumaini: "Chanzo kimepatikana. Mfugaji alikuwa anamsafisha ng'ombe ndani kwa maji ya limau." Mfugaji. Nimebonyeza kutuma, jina langu likabaki safi.

14 Machi

Kikao cha kikundi Kilambo, chini ya bati la ofisi ya kijiji, mvua ikipiga mpaka watu wanaongea kwa kupokezana. Nilieleza habari ya ute. Wale akina mama walicheka kwa kuficha nyuso, wakagongana viwiko, na wale watatu waliofundishwa na Mama Joana wakatazama chini. Nilipomaliza Helder akasema, "Basi aliyeharibu amejulikana. Shemeji, ni wewe. Watu sita wanasubiri kwa ajili ya usafi wako."

Mama Joana akasimama, akasema, "Nisameheni, wenzangu." Alisema vizuri, kwa sauti, halafu akakaa.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mgeni, na soda.

Wamekubali mara moja ya mwisho. Tarehe ishirini na tisa. Asiposhika, bucha.

22 Machi

Nimeshindwa kula. Mama Hajrabai ameuliza, nimesema nimekula. Kule chini nikasikia anafunika sufuria. Nimejiuliza kwa mara ya kwanza huwa anapika kwa ajili ya watu wangapi.

29 Machi

Nimekwenda jana kwa sababu mvua haikatiki. Kabla ya kufika Kilambo, pale njia inaposhuka kwenye mashamba ya mpunga, hapakuwa na njia. Maji tu, ya kahawia, na vichwa vya mpunga. Nikazima pikipiki. Mtungi wa naitrojeni hauwezi kulala, ukilala umekufa na mbegu zako zote.

Upande wa pili alisimama Helder. Alikuwa ameambiwa na Mama Joana kwamba nakuja. Akavua viatu, akaingia, maji yakamfika kifuani, akaja mpaka nilipo.

"Nipe hicho chombo," akasema. Akakitwika kichwani, akakishika kwa mikono miwili, akarudi polepole, anapapasa kila hatua kwa mguu. Mimi nilimfuata nimeshika mkanda wake nyuma. Katikati nikamuuliza kwa nini amekuja, ikiwa anamtaka Maputo buchani.

"Nani anataka bucha?" akasema bila kugeuka. "Mke wangu ni wa sita kwenye foleni. Nina watoto wanakunywa chai ya rangi toka wazaliwe."

Miezi mitatu nilikuwa namwandika kama adui.

Nimelala kwa Mama Joana. Asubuhi hii Maputo ana joto, na hakuna aliyemgusa. Ute umening'inia mpaka magotini, mzito, angavu, unaona mpaka upande wa pili. Mama Joana aliona aibu, akawa anamzungukia Maputo na kanga yake, anajaribu kumfunika kwa nyuma kwa sababu shemeji yake amesimama pale. Nikamwambia mwache. Akauma ukingo wa kanga, akageuka ukutani.

Nilijaza vichupa sita. Jioni saa kumi na moja nikahimilisha. Zizi lilikuwa na kinyesi, na mimi sikusema neno lolote kuhusu usafi. Ilinibidi nijizuie, ulimi umezoea.

30 Machi

Nimerudi. Homa kidogo.

19 Aprili

Siku ya ishirini na moja. Akirudi joto, ni leo. Sikwenda popote. Nimekaa na simu mezani tangu saa kumi na mbili asubuhi. Miaka yote nimekuwa nikiingoja ilie, leo naomba isilie.

Ililia saa tano. Kampuni ya simu, wananiuzia vifurushi.

20 Aprili

Kimya.

21 Aprili

Kimya. Jua limetoka, nimelikausha godoro.

6 Mei

Tumaini amepiga. Vichupa vya tarehe ishirini na tisa vina protini nyingi kuliko hata za Madimba. "Ng'ombe mmoja si ushahidi, dada, usije ukaniandikia ripoti ya ushindi," akasema. "Lakini wale wengine watatu wa Kilambo nao sampuli zimebadilika. Na samahani kwa lile swali la maji. Kumbe maji yalikuwepo, ila hukuyaweka wewe."

Nikasema, "Niliyaweka." Akadhani simu inakatika.

Halafu akauliza, "Mnaendeleaje huko?" Nikasema tunaendelea vizuri. Nani, mimi na beseni?

28 Mei

Siku ya sitini. Mvua zimekwisha, barabara ina vumbi tayari. Kikundi kizima kilikuwepo, wake kwa watoto, na Helder na ule mfuko wa nailoni.

Nikavaa glavu ndefu, nikatia mkono. Nikautafuta mji wa mimba, ule wenye pembe mbili, nikaupata, nikapapasa pembe ya kushoto, ya kawaida. Nikaenda ya kulia. Imejaa, laini, ina maji, na ukuta wake umekuwa mwembamba. Nikairudia. Nikabaki na mkono humo zaidi ya inavyohitajika, kwa sababu nilikuwa nalia na nilitaka nimalize kabla sijageuka.

"Ana mimba," nikasema.

Sitaandika kelele. Helder alikaa chini kwenye mchanga, akashika kichwa, akacheka.

Fomu niliijaza palepale, juu ya tangi la pikipiki. Haikuwa tena ya kumtoa mnyama, ila mradi unataka ielezwe kwa nini alichelewa kushika. Kuna mstari mmoja, mfupi. Niliandika hivi: *Mtaalamu alimsifu mfugaji kwa usafi mara kwa mara bila kuuliza jinsi anavyosafisha. Mfugaji aliongeza usafi kwa sababu ya sifa hizo. Kosa ni la mtaalamu.* Nikasaini, nikampa Helder asome kwa sauti. Alisoma. Alipofika mwisho akarudia kimoyomoyo, midomo inacheza. Kisha akamgeukia Mama Joana, akasema mbele ya wote, "Shemeji, nilikukosea."

Mama Joana akanivuta kando ya banda.

"Futa ile," akasema. "Watakufukuza."

"Hawatanifukuza, mama. Watanisema tu."

"Ungeniachia mimi. Mimi nimezoea."

"Ndiyo maana."

 Akachukua kile kibomba kutoka kwenye boriti ya banda, alipokuwa amekichomeka tangu Machi, akakizungusha mkononi. Aliongea kwa sauti ya chini, bila kunitazama.

"Siku ile ulipokaa kwenye ndoo. Mimi niliona. Na wewe, mwanangu, nani alikuwa anakusifu?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Si Kasiani, si shangazi, si wale mawifi waliokuja kikaoni na vitenge vizuri. Nilijibu, "Mama mkwe." Ni maneno mawili, na niliyatoa kwa shida kuliko ndama.

"Alikupenda?"

"Nadhani alinipenda."

Akatikisa kichwa. Alinishika mkono uleule niliokuwa nimeutoa kwenye glavu, ukiwa bado na jasho, tukasimama hivyo tunamtazama Maputo anacheua. Mchafu kweli, yule ng'ombe, siku hizi.

Mstari ule kwenye fomu una maneno yasiyofika thelathini. Mimi hakuna aliyeniandikia mstari kama huo, na sasa najua hatatokea wa kuniandikia. Nimeuandika mwenyewe kwa ajili ya mtu mwingine. Leo umenitosha, kesho sijui.

Nimefika Chikongola jua linazama. Nikazima pikipiki. Kule jikoni sufuria likafunuliwa.

"Sabina, umekula?"

Nilikuwa nimeshakanyaga ngazi ya pili.

"Bado, mama," nikasema, nikashuka.